"Log in" si "ingia" tu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu ya kuchambua. Nataka tuongee kuhusu maneno mawili ya Kiingereza ambayo huenda umeyabonyeza leo kabla hata ya chai ya asubuhi: "log in". Kwa Kiswahili tumeyatafsiri kwa neno moja, "ingia", na mimi mwenyewe nimeliandika neno hilo kwenye vitufe vya programu zangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku hizi naamini kwamba tulitafsiri nusu ya jambo, tena ile nusu ndogo. Nusu tuliyoiacha ilikaribia kumpeleka mtu polisi, na programu iliyohusika niliiandika mimi. Nitafika huko. Kwanza tuanze na gogo.

Ndiyo, gogo. "Log" kwa Kiingereza ni gogo la mti, kama hili la kuni. Ukimwuliza mwandishi wa programu gogo linafanya nini kwenye ukurasa wa barua pepe, atakucheka au atakimbilia Google. Hata Waingereza wengi hawana habari. Jibu liko baharini.

Zamani nahodha aliyekuwa katikati ya bahari hakuwa na njia rahisi ya kujua chombo chake kinakwenda kasi gani. Nchi kavu unapita mti, unapita nyumba, unajua umesogea. Baharini ni maji mbele na maji nyuma. Mabaharia wa Ulaya wakawa na ujanja wao: funga kipande cha gogo kwa kamba, kitupe majini nyuma ya meli. Gogo linabaki karibu na palepale lilipoangukia, meli inaendelea na safari, kamba inafunguka. Pima kamba iliyotoka kwa muda fulani, umepata kasi. Mwingereza William Bourne aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1574.

Baadaye gogo likachongwa likawa kibao chenye umbo la robo ya duara, kimetiwa risasi kwenye ukingo ili kisimame wima majini na kisiburutwe. Kamba ikafungwa mafundo kwa nafasi sawa. Baharia mmoja anashika kamba iliyoviringwa, mwingine anageuza chupa ya mchanga ya sekunde 28, na mafundo yanahesabiwa jinsi yanavyopita. Yakipita matano, meli inakwenda mafundo matano. Hapa mimi kama mtu wa programu huwa navua kofia. Maili ya baharini ni mita 1,852. Igawanye kwa sekunde 3,600 za saa moja, zidisha kwa 28, unapata mita 14.4, na hiyo ndiyo nafasi kati ya fundo na fundo. Yaani hesabu yote ilifanywa mara moja tu, siku ya kufunga kamba. Baharia kwenye sitaha, hata asiyejua kugawanya, anahesabu mafundo na jibu limetoka. Mpaka leo kasi ya meli na ya ndege hutajwa kwa "knots", maana yake mafundo.

Sasa tazama neno linavyotembea. Kasi iliyopimwa kwa gogo ilibidi iandikwe, pamoja na upande meli ilikoelekea na upepo ulivyokuwa, la sivyo kesho huwezi kukisia uko wapi. Wakaiandika kwanza kwenye ubao, ukaitwa ubao wa gogo. Kutoka ubaoni wakainakili kitabuni, kikaitwa kitabu cha gogo, yaani logibuku. Polepole neno likahama kutoka kwa kipande cha mti likaenda kwenye kitabu, na kufikia karne ya 19 "to log" ilikuwa ni kitenzi: kuandika jambo katika kitabu cha safari. Gogo lenyewe lilikuja kustaafu, vifaa vingine vikachukua kazi yake. Kitabu kikabaki na jina la marehemu.

Na kitabu hicho si daftari la kuandika unavyojisikia. Mambo huandikwa kwa mpangilio wa saa. Aliye zamu hutia sahihi yake. Ukikosea hufuti: unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, unaandika sahihi pembeni. Meli mbili zikigongana, kitabu ni kati ya mashahidi wa kwanza kuitwa. Kwa hiyo maana ya "log" kwa baharia ni hii: nani alikuwa zamu, saa ngapi, na nini kilitokea. Naomba uyashike hayo matatu.

Sisi Wakenya tunalijua neno logibuku kwa upande wa magari, hati ya umiliki, ile ambayo watu huiweka rehani kwa mkopo kisha wanakosa usingizi. Hiyo nayo ni mjukuu wa gogo. Hata neno blogu ni la ukoo huo. Jorn Barger alianza kutumia jina "weblog" Desemba 1997, akimaanisha kumbukumbu ya aliyoyakuta akizunguka kwenye mtandao. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo mahali pasipotarajiwa, kwa utani tu, likawa "we blog", na utani ukaota mizizi. Kwa hiyo unachosoma sasa ni gogo lililobandikwa herufi moja mbele. (Logarithimu za shuleni si ndugu. Hizo zilipewa jina na John Napier mwaka 1614 kutoka Kigiriki. Usimlaumu baharia kwa alama zako za hesabu.)

Gogo liliingiaje kwenye kompyuta? Twende Marekani, chuo cha MIT, mwaka 1961. Kompyuta ya wakati ule ilijaza chumba na bei yake ilikuwa ya kutisha. Fernando Corbató na wenzake wakaonyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akidhani ni yake peke yake. Shida ikawa moja: kila mtumiaji alikuwa amepewa muda wake. Mashine itajuaje dakika hizi ni za nani? Ndipo ikaja amri ya LOGIN. Andika jina lako, weka nenosiri, na kuanzia hapo dakika zinahesabiwa kwako. Ukimaliza, unafunga hesabu. Huyo ni askari wa zamu anayetia sahihi kwenye kitabu.

Kuna kisa kinachoonyesha vizuri neno lilimaanisha nini siku zile. Mwanafunzi wa uzamifu aitwaye Allan Scherr alikuwa na saa nne kwa wiki kwenye mfumo huo, na kazi yake ilihitaji zaidi. Mwaka 1962 akagundua kwamba anaweza kuomba faili lolote lichapishwe. Akaomba faili la manenosiri. Likachapishwa, akaenda akalichukua kama mtu anayechukua gazeti. Kinachonivutia ni sababu yake. Hakuwa anawinda siri za mtu. Alitaka dakika zake ziandikwe kwa majina ya wenzake. Mmoja wa wizi wa kwanza wa manenosiri tunaoujua ulikuwa wizi wa jina kitabuni.

Miaka saba baadaye, usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi Charley Kline katika chuo cha UCLA alijaribu kuandika neno hilohilo, LOGIN, kwenye kompyuta iliyokuwa SRI huko Menlo Park, zaidi ya kilomita 500 kutoka alipokaa. Ikaenda L. Ikaenda O. Mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa wa mtandao wa ARPANET, mama wa intaneti, ulikuwa ni "LO". Walirudia baada ya saa moja hivi na ikafaulu. Unajua tunajuaje saa? Kwa sababu mtu aliiandika kwa mkono, saa nne na nusu usiku, kwenye logibuku ya maabara.

Turudi nyumbani sasa. Kiingereza kina vitenzi vingi vya aina hii, ambavyo mimi huviita vitenzi vyenye mkia. Unachukua kitenzi, unakibandika neno dogo nyuma, na maana inahama nyumba. Mwanafunzi wetu anajua "give" na anajua "up", lakini akikutana na "give up" anapotea. Kiswahili hakibebi mizigo hivyo. Kiswahili hukunja kitenzi chenyewe: andika, andikia, andikwa, andikisha, jiandikisha. Kwa hiyo mtafsiri akikutana na kitenzi chenye mkia hujiuliza maana iko wapi, kichwani au mkiani? Katika "log in" mkia ndio unaoonekana haraka. "In" ni ndani, basi "ingia". "Log" ikatupwa baharini, na safari hii bila kamba.

Siwalaumu waliotafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ilibidi watu wakae chini watafute Kiswahili cha maelfu ya maneno ya skrini, na kazi kama ile haina shukrani. Wengine wamefuata tangu hapo, kampuni kubwa kwa ndogo, na kila mahali utakuta "ingia". Ni fupi, kila mtu analijua, linatosha kwenye kitufe. Kimombo cha mtaani kina njia yake, "nimelogi", ambayo ina hatari zake. Siku moja nilimwambia mama kwenye simu kwamba siwezi kumtumia kitu kwa sababu nimekataa kulogi kwenye kompyuta ya watu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wanakutaka uroge nani?"

Tatizo la "ingia" ni kwamba ni neno la mlango. Mlango ukiwa wazi, uko wazi kwa wote. Ukiingia umeingia, na ukitaka kutoka unasimama unaondoka. Wale tuliokuwa kwenye saiba za miaka ya 2000, tukilipia kwa dakika, tunakumbuka: unakaa kwenye kiti bado cha moto, unafungua Yahoo, na unakaribishwa na barua za mtu mwingine. Mwenyewe ameshaondoka, yuko kwenye matatu. Alitoka kwa miguu. Skrini iliandika "Toka" na yeye akatoka, mbona unamlaumu? (Ndiyo, nilisoma moja. Ilikuwa ya mapenzi, na tahajia ilikuwa mbaya.)

Sasa kile kisa. Mwaka 2010 niliandika programu kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo katika mji mdogo wa eneo la majani chai. Haikuwa programu kubwa: michango, mikopo, pesa za kutoa. Skrini zote zilikuwa kwa Kiswahili na nilijivunia hilo kupita kiasi. Makarani walikuwa wanne na kompyuta ya dirishani ilikuwa moja. Nilimpa kila karani jina lake na nenosiri lake, nikawafunza asubuhi moja, nikalipwa nusu ya pesa, nikarudi Nairobi.

Baada ya miezi minane hivi nikapigiwa simu na mwenyekiti. "Kijana, wewe ndiye uliyetengeneza hii mashine. Njoo utwambie nani amekula pesa." Shilingi 18,500 zilikuwa zimetolewa kwenye akaunti ya mwanachama mzee ambaye hakuwa amefika mjini mwezi mzima. Nilifika, nikafungua kumbukumbu za mfumo mbele ya kamati, na hapo palikuwa na mstari mmoja safi: tarehe, saa 13:22, kiasi, na jina la karani. Alikuwa dada mmoja mpole aliyefika kazini kabla ya wengine kila siku. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba. Mwenyekiti akausoma ule mstari kwa sauti kisha akasema, "Kompyuta haidanganyi." Mtu mmoja wa kamati akatoa simu ili aite polisi.

Niliomba nizungumze naye kwanza. Nikamwuliza nani mwingine anajua nenosiri lake. Akasema hakuna. Nikamwuliza basi imekuwaje, akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Fundi, mimi ndiye hufungua asubuhi. Mlango ukishafunguliwa, kwani kila mtu afungue tena?"

Nilirudi ndani nikatazama kumbukumbu za miezi yote minane. Alisema kweli. Karibu kila kitu kilichofanyika pale dirishani, asubuhi hadi jioni, kilikuwa kwa jina lake. Makarani watatu wengine karibu hawakuwepo duniani. Alikuwa amelielewa neno langu sawasawa. Niliandika "Ingia", naye akaingia, akawafungulia wenzake. Hakuna popote kwenye skrini yangu palipomwambia kwamba anatia sahihi.

Kilichomwokoa hakikuwa mimi. Ni daftari la askari wa getini. Unalijua: lile daftari kubwa lenye jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi, safu za jina, nambari ya kitambulisho, unakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Pale hata wafanyakazi walikuwa wakiandika wakitoka kula. Siku ile dada alikuwa ameitwa shuleni kwa mtoto wake. Alitoka saa saba kasoro dakika kumi, akarudi saa nane na dakika tano, na sahihi zake mbili zilikuwa pale. Nikaenda kutazama saa ya kompyuta, kwa sababu betri ndogo za ndani zikichoka saa hupotea na ushahidi wote unakuwa hewa. Ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Dakika nne hazikubadilisha kitu. Saa 13:22 alikuwa nje ya geti.

Daftari la shilingi mia mbili lilikuwa limeshinda mfumo wangu, na sababu ni kwamba lilikuwa "log" na wangu haukuwa. Askari hakukuuliza kama mlango uko wazi. Alitaka jina lako, kila mtu lake, kila mara. Nani, saa ngapi, nini.

Aliyechukua pesa hakujulikana. Kumbukumbu zangu hazingeweza kusema, zilijua jina moja tu. Dada alirudi kazini lakini hakukaa, miezi miwili hivi. Nusu ya pili ya malipo yangu nililipwa, na nakiri kwamba niliipokea bila furaha.

Niliibadilisha programu. Skrini ikawa inajifunga baada ya dakika tano bila kuguswa, jambo ambalo makarani walilichukia na wakanitafutia majina. Lakini badiliko lililofanya kazi zaidi lilikuwa la maneno. Kitufe kikabaki "Ingia", ila juu yake nikaandika: "Kila utakachofanya kuanzia sasa kitaandikwa kwa jina lako." Kwenye kona ya kila ukurasa nikaweka "Anayeandikwa sasa", kisha jina. Na pale palipokuwa na "Toka" nikaweka "Funga zamu yangu". Wiki ya kwanza karani mmoja alirudi kutoka chai, akaketi, akaona kona, akaita kwa sauti hadi foleni ikageuka: "Mbona naandikwa wewe?" Nilijua basi kwamba neno limefika.

Najua mtaniambia nini. Neno ni neno tu, na hata Mwingereza akibonyeza "log in" hafikirii gogo wala meli. Ni kweli hafikirii. Lakini lugha yake inamkumbusha bila yeye kujua. Anasema "log in", faili la kumbukumbu la mfumo linaitwa "log", kwenye Linux mafaili hayo yanakaa ndani ya /var/log, saa zake za kazi "ana-log", na gari lake lina logibuku. Mzizi ni mmoja, ukoo unakaa pamoja. Sisi tumeutawanya ukoo: hapa "ingia", pale "kumbukumbu", pengine "rekodi", kwingine "daftari". Mtumiaji wa Kiswahili haoni uzi wowote kati ya kile kitufe cha asubuhi na ule mstari utakaosomwa mbele ya kamati.

Cha kuudhi ni kwamba Kiswahili kina neno lake la "log", na ni neno la bahari vilevile. Ni batli. Fungua kamusi: batli ni kumbukumbu ya safari ya chombo. Watu wa bara wengi hatujawahi kulisikia, na mimi nililikuta nikiwa natafuta jambo jingine kabisa. Nilicheka peke yangu ofisini. Tumehangaika miaka yote hiyo, kumbe neno lilikuwa pwani, tayari, likiwa na maana ileile.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. "Ingia" ibaki kwenye kitufe, siwezi kupigana na mto. Lakini kile kinachoandikwa baada ya kuingia tukiite batli, kila mahali, bila kubadilisha badilisha. Batli ya mfumo. Batli ya seva. Faili la batli. "Hebu angalia batli uone nani alifuta." Na "to log" iwe "kutia kwenye batli". Mtu akijua kwamba kuingia ni kufungua batli kwa jina lake, hutahitaji kumhubiria sana kuhusu nenosiri.

Wapo watakaosema hakuna anayelijua. Nani alilijua "tovuti" kabla ya kulizoea? Mimi si mpenzi wa kila neno la maabara. "Nywila" bado hainikai mdomoni, nasema nenosiri, na "tarakilishi" naiachia mitihani ya shule. Tofauti ni kwamba batli haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Lilikuwa na kazi kabla, na kazi tunayolipa ni ileile.

Tena watu wetu hawana haja ya kufundishwa thamani ya batli, wana haja ya jina lake tu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Mkenya hafuti ujumbe wa pesa akiwa na deni lenye ubishi. Kodi ya nyumba ikizua maneno, simu inatolewa: nambari ya muamala, jina, kiasi, tarehe, saa. Hiyo ni batli mfukoni. Na kwa miaka mingi kibandani kwa wakala palikuwa na daftari la kuandika jina na kitambulisho na kutia sahihi. Tulikuwa tukitia batli mara mbili kwa siku bila kujua tunaitaje.

Nikubali pia kwamba batli ina meno pande zote mbili. Yale madaftari ya getini yameachwa wazi mezani, mtu yeyote anayesubiri anasoma nambari yako ya kitambulisho na ya simu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haijawafikia askari wengi niliokutana nao. Simu nazo zinabaki zimeingia kwenye akaunti miezi na miezi, zinashikwa na watoto, wapwa, rafiki anayetaka "kuangalia kitu kidogo". Anachoandika rafiki kinaandikwa wewe. Kama neno lingekuwa wazi, nadhani ungeuvuta mkono kabla ya kumpa.

Mwezi uliopita nilipita kwenye ule mji kwa kazi nyingine nikaona niwasalimu. Programu yangu haipo tena, wamenunua nyingine kubwa zaidi. Kitufe chake kimeandikwa "Ingia" na kona haina jina la mtu. Nilizungumza na mwenyekiti mpya kuhusu hilo, akaniambia nimtumie barua pepe, na nitamtumia. Askari ni yuleyule, ameota mvi. Daftari ni jipya, kalamu bado iko kwenye uzi. Nilipokuwa natoka nilipita nikiongea na simu, akapiga kengele ya geti kwa rungu mpaka nikarudi kuandika saa.